Kati ya Tobiti na Esta

Jina langu ni jina la kitabu. Silitaji hapa, kwa sababu nimelipigania vya kutosha na sina haja ya kuligawa bure kwa kila anayepita. Mwenye Biblia ya Kikatoliki afungue baada ya Tobiti na kabla ya Esta, atanikuta. Mwenye Biblia nyingine asihangaike. Hatanikuta humo, na baba yangu wa kambo aliishi miaka yake yote akifurahia jambo hilo.

Kitabu chenyewe ni cha mjane aliyeingia katika hema la jemadari wa maadui, akasubiri alewe, akamkata kichwa kwa upanga wake mwenyewe na kurudi nacho nyumbani katika mfuko wa chakula. Mama yangu alimsikia katekista akisimulia habari hiyo katika kigango chetu, si mbali na Tosamaganga, akiwa na mimba yangu. Alikuwa ameshazika watoto wawili, na alijua bila shaka yoyote nani aliyewaua. Ni wifi yake mmoja, aliyesimama mlangoni asubuhi moja akawanyooshea kidole na kusema, "Mmoja, wawili." Kwetu unaweza kuhesabu magunia ya mahindi na hata ng'ombe, ukijificha kidogo, lakini mtoto akihesabiwa anapungua. Basi mama aliposikia kuna mwanamke aliyerudi nyumbani na kichwa cha mtu mfukoni, aliamua kwamba mtoto mwenye jina hilo hatachukuliwa kirahisi. Nikabatizwa nalo. Baba akafariki kabla sijaanza shule, mimi nikabaki, na mama akaona jina linafanya kazi yake.

Miaka ya sabini ilipoanza, akaja huyo mwingine. Alikuwa fundi cherehani wa Mbeya, mzaliwa wa milima ya Tukuyu, aliyefika Iringa kufuata kazi ya kushona sare za shule. Alikuwa mrefu, msafi, hanywi, havuti, na sikumwona akicheka hata mara moja isipokuwa mtu mwingine alipokosea. Wajomba zangu walimwambia mama kwamba mjane mwenye mtoto hachagui. Mama hakuchagua. Tukapakia sufuria na godoro tukaenda Mbeya, nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko la Mwanjelwa. Mchana yule bwana alishona kwenye baraza ya duka la Mwislamu mmoja ambaye babu zake walitoka pwani. Jioni na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lenyewe silisemi vibaya; walikuwemo watu wema walionipa maandazi. Ubaya ulikuwa wake, alikuja nao kutoka nyumbani.

Jioni ya kwanza aliniuliza jina. Nikamwambia. Akamgeukia mama.

"Jina hilo mmelitoa wapi?"

"Ni la kitabu," mama akasema. "Cha Biblia."

Aliinuka, akachukua Biblia yake nyeusi juu ya kabati, akafungua ule ukurasa wa mwanzo wenye majina ya vitabu, akaniwekea magotini. "Unajua kusoma. Tafuta."

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na nilijivunia kusoma kwangu. Nikashuka na kidole kutoka Mwanzo, nikapita Hesabu, nikapita Waamuzi, nikapita Nehemia na Esta, nikafika Malaki. Sikujiona. Nikarudi juu. Kisha nikafanya jambo ambalo bado linanichoma nikilikumbuka: nikaifungua ile Biblia katikati na kuangalia kwenye mshono, nikitafuta mahali karatasi ilipochanwa. Nilidhani ni Biblia mbovu. Nilimhurumia kwamba ameuziwa Biblia pungufu.

"Haikuchanwa," akasema. Hapo ndipo nilipomwona akicheka mara ya kwanza. "Hakimo. Hiyo ni hadithi tu ya kule misheni. Humu ndani kwangu hakuna mtu atakaa na jina halimo katika Neno la Mungu. Tena la mwanamke anakata watu vichwa."

Akanipa lingine. Alisema kama nataka kitabu cha mwanamke, vipo viwili, na akanichagulia kile kifupi kinachofuata Waamuzi, cha yule mwanamke wa Moabu, mgeni, aliyemfuata mama mkwe wake katika nchi ya watu na kuokota masalio ya shayiri shambani. Alilichagua kwa makusudi. Mgeni aokote masalio na ashukuru. Nilimtazama mama nikingoja aseme kitu. Mama aliangalia mafiga, akasogeza kuni ambayo haikuhitaji kusogezwa.

Tangu siku ile mama hakuniita kwa jina lolote. Lile la fundi hakulitamka, hilo nampa haki yake, lakini na langu hakulitamka. Nikawa "mwanangu" asubuhi na "mwanangu" jioni. Watu waliona ni mapenzi. Mimi nilijua ni woga, na nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia fundi, kwa sababu fundi hakuwa amenizaa. Nilichotaka duniani miaka ile kilikuwa kitu kimoja tu, mama alitaje jina alilonipa, kwa sauti, mbele ya yule mtu.

Fundi alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya ugali nilisimama karibu na meza, mikono nyuma, nikataja vitabu vya Agano la Kale vyote thelathini na tisa, kwa mpangilio, bila kukwama. Ukikwama unarudia kutoka Mwanzo. Wadogo zangu walipozaliwa na kuota meno ya kusemea, nao waliingizwa, lakini miaka ya mwanzo nilikuwa peke yangu. Mama alikuwa na desturi yake hapo. Nilipofika Kutoka, alikuwa anatafuta kisingizio. Nilipofika Walawi, ameshika kipande cha kanga. Na kabla sijatamka Hesabu ameshatoka nje, eti kuangalia kuku. Alikuwa amesimuliwa yaliyomo. Kitabu kizima cha kuhesabu watu, kabila kwa kabila, wanaume wa kwenda vitani, na halafu wanakufa wote njiani. Hakushangaa hata kidogo kwamba walikufa.

Mimi nilikuwa na mahali pangu. Nilikuwa nikifika Nehemia, navuta pumzi, na kabla ya Esta najitaja. Tobiti nilimwacha nje. Sikuwa na nguvu za kugombana kwa niaba ya watu wawili.

Hakunipiga. Wengine walipigwa na baba zao kwa mikanda, nikawaonea wivu, maana kipigo kina mwisho. Yeye alisema tu, "Rudia." Nikarudia na kujitaja tena. "Rudia." Ugali ukaanza kufanya ngozi juu. Maharage yakapoa. Mbeya ni baridi, mwenye kuijua anajua maharage yaliyopoa huko yanakuwaje. Mama alinong'ona kutoka jikoni, "Sema tu anavyotaka, mwanangu, ule." Nililala bila kula siku nyingi, hasira ikanishibisha.

Mwishowe tumbo likashinda, kama lilivyo desturi ya matumbo. Nikaacha kujitaja. Lakini niliweka pumzi. Nehemia, kisha kimya, urefu wa jina langu kamili, kisha Esta. Ilimchukua wiki kugundua. Siku aliyogundua aliweka kijiko chini.

"Usipumue hapo," akasema. "Pumua kwenye Mambo ya Nyakati."

Nimeishi na watu wengi wakali tangu hapo, nimefanya kazi chini ya wakubwa wenye vinywa vichafu, lakini hakuna mwingine aliyewahi kunipangia pa kupumulia.

Mwenye duka alipenda kumchokoza. Jumamosi nilipelekwa barazani kukata nyuzi na kushona vifungo, na nilikuwa nikisikia. Yule mzee alikuwa akikaa juu ya gunia la mchele, kofia yake nyeupe imekaa upande, anasema, "Fundi, sisi tunaijua Taurati ya Musa, tunaijua Zaburi ya Daudi, na Injili. Wewe umevipata wapi thelathini na tisa? Umeikata Taurati ya watu kama jora la kaki?"

"Mzee, hivyo ndivyo walivyokabidhiwa Wayahudi," fundi akajibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Wao ndio wenye mali. Tunafuata walichokubali wenyewe. Walichokataa, tumekataa." Kisha akanitupia jicho. "Kuna vitabu watu wameviongeza huko Ulaya. Wayahudi hawana."

"Basi wewe ni Myahudi," mwenye duka akasema, na wateja wakacheka.

Mimi sikucheka. Neno lile lilikaa nami. Wayahudi hawana. Nilianza kuwaza kwamba mahali fulani wapo watu ambao ndio wenye neno la mwisho, na kwamba mtu akienda kuwauliza vizuri, labda watasema fundi ni mwongo.

Nilipofaulu kwenda sekondari nilipangiwa shule ya masista upande wa Iringa. Fundi hakupenda, lakini serikali ndiyo iliyopanga, na serikali alikuwa anaiogopa. Huko niliandikwa kama cheti cha ubatizo kinavyosema. Asubuhi ya kwanza mwalimu aliita majina, akaniita, nikachelewa kuitika, kwa sababu nilikuwa nimezoea kutoitwa. Basi la Mbeya lilikuwa likisimama Nyololo, abiria wakashuka kununua viazi vya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Ndipo palipokuwa mpaka wangu. Nikitoka Mbeya, nikishakula viazi vya Nyololo nilikuwa mimi. Nikirudi, nikila vilevile, nilijua naanza kupotea. Hadi leo viazi vya kuchemsha sivipendi.

Somo la dini alitufundisha sista mmoja mzee, Mwitaliano, Kiswahili chake kikienda na kurudi, ngeli zote amezichanganya. Siku moja alichora ubaoni mafungu matatu. Alisema sisi tunaita Agano la Kale, lakini wenye kitabu hawakiiti hivyo. Kwao si la kale, kwao ni leo. Wao wanakigawa mara tatu: Torati, Manabii, Maandiko. Kisha wanachukua herufi ya kwanza ya kila fungu katika lugha yao, wanaziunga, na hilo ndilo jina la kitabu chote. Mimi nikajaribu kwa Kiswahili pembeni mwa daftari, T, M, M, nikapata mlio wa mtu anayekataa chakula.

Akaendelea kupanga. Yoshua na Waamuzi na Samweli na Wafalme, ambao sisi tunadhani ni historia, wao wanawaita manabii. Danieli, ambaye fundi aliapa ni nabii mkubwa, wao wamemweka katika Maandiko pamoja na Zaburi na Mithali. Yule mwanamke wa Moabu hakai baada ya Waamuzi hata kidogo. Amehamishiwa huko nyuma kwenye Maandiko. Manabii kumi na wawili wadogo, kutoka Hosea hadi Malaki, ni kitabu kimoja. Samweli ni kimoja, Wafalme ni kimoja, Ezra na Nehemia ni kimoja. Na mwisho wa vyote si Malaki, ni Mambo ya Nyakati. Kwa hiyo ukihesabu, havifiki thelathini na tisa. Ni ishirini na nne.

Nilinyoosha mkono nikauliza, changu kiko fungu gani?

Sista aliniangalia kwa huruma, na huruma yake niliichukia kabla hajafungua mdomo. Alisema hakimo. Alisema Wayahudi wa zamani walikijua na walikisoma, lakini hawakukiweka ndani. Kisha, kwa kunifariji, akaniambia maana ya jina langu katika lugha yao: mwanamke wa Kiyahudi.

Darasa zima lilinigeukia. Niliona ni matusi juu ya matusi. Jina lenyewe maana yake ni mwanamke wao, na kitabuni mwao hayumo! Hasira yangu miaka ile haikuwa na adabu. Niliwakasirikia wazee wote waliowahi kukaa kikao, mahali popote, karne yoyote, na kusema huyu aingie na huyu abaki nje. Wa upande wa fundi niliwakasirikia, na wa upande wetu pia, maana na sista alisema "sisi tunavyo arobaini na sita" kwa sauti ya mtu mwenye mbuzi wengi kuliko jirani.

Lakini kabla ya kengele sista alisema jambo moja zaidi, na hilo sikulitupa. Alisema Wayahudi hawaviiti vile vitano vya Musa kama sisi. Wao wanachukua neno la mwanzoni mwa kitabu, na neno hilo linakuwa jina lake. Cha kwanza ni Hapo Mwanzo. Cha pili, ambacho sisi tunakiita Kutoka, wao wanakiita Majina. Cha tatu ni Akaita. Cha tano ni Maneno. Na cha nne, Hesabu, wao hawakiiti Hesabu. Wanakiita Jangwani.

Likizo iliyofuata nilirudi Mbeya nimejiandaa. Fundi alikuwa na wasikilizaji wanne sasa, wadogo zangu wote wamejipanga mezani kwa kimo, mdogo kabisa akiwa bado hawezi kusema Habakuki. Aliponiamuru nianze, nilianza: Torati, nikavitaja vitano. Manabii, nikaanza na Yoshua. Maandiko, nikaanza na Zaburi, nikamtia Danieli humo, nikamaliza na Mambo ya Nyakati. "Ishirini na nne," nikasema. "Ndivyo walivyo navyo wenye mali. Hiyo thelathini na tisa umeitoa wapi, mzee?" Nilikuwa namwita mzee. Baba sikumpa.

Nilitegemea ababaike. Alitafuna taratibu, akameza.

"Wamekunja," akasema. "Samweli wawili wamekunja kuwa mmoja. Wadogo kumi na wawili wamekunja wakawa mmoja. Wewe kunjua uone, utapata thelathini na tisa zangu, hakuna uzi umepotea. Nguo ni ile ile, mshono tu." Akapangusa mikono. "Lakini wewe hata wakunje, hata wakunjue, kwenye hiyo nguo haumo. Sasa rudia, kama tunavyosemaga hapa."

Hakuna kitu kibaya kama adui yako kusema kweli. Nilikwenda mwenyewe baadaye nikahesabu kwa vidole, nikikunja na kukunjua, na alikuwa sahihi. Nilimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa maharage yote yaliyopoa.

Kesho yake nilikuwa jikoni na mama, yeye anakoroga uji wa wadogo. Nikamwambia, kwa kutaka tu kusema kitu, kwamba kile kitabu anachokikimbia, wenyewe hawakiiti Hesabu.

"Wanakiitaje?"

"Jangwani."

Akaitikia kwa kichwa. Aliona ni sawa, ndiko walikofia.

"Na Kutoka wanakiita Majina."

Mwiko ulisimama. "Majina?"

"Majina. Kinaanza na majina ya watoto wa Yakobo waliokwenda Misri."

Aliacha uji mpaka ukaanza kushika chini. "Hao watu wanajua," akasema. "Mtoto anatajwagwa. Hahesabiwagi." Nikangoja. Nilidhani sasa atanitaja, tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Akasema, "Lete bakuli, mwanangu." Nikampa bakuli nikatoka nje.

Ulifika mwaka wa sensa. Redio ilisema kila siku, balozi wa nyumba kumi akapita na kipaza sauti cha kuazima, watu wahesabiwe kwa maendeleo ya taifa. Fundi alifurahi kama aliyealikwa arusini. Jioni ile alisoma mwanzo wa kitabu cha Hesabu mezani, akasema serikali inafanya alichofanya Musa. Mama alitoka kuangalia kuku. Nami nilikuwa nyumbani, likizo, nimelala chumba cha wadogo zangu usiku ule, na hiyo ina maana, kwa sababu sensa inauliza nani alilala hapa.

Karani alikuja asubuhi na balozi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa suruali pana chini, amechoka kabla ya kuanza. Walikaa kwenye benchi nje. Fundi alikuwa amevaa koti. Mimi nilikuwa kizingitini nachambua maharage. Karani aliuliza mkuu wa kaya, umri, kazi, mke. Kisha akauliza watoto.

"Wanne," fundi akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, na akawaita, wakasimama kwa kimo kama mezani. Kutoka jikoni nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka.

Karani aliandika, akaninyooshea kalamu. "Na huyu dada?"

"Huyo ni mgeni."

"Wageni waliolala tunaandika pia, mzee. Jina?"

Fundi akataja lile lake, la mwanamke wa Moabu. Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

"Usiandike," mama akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, mwiko mkononi, ugali umegandia kwenye mwiko. Nilimwona balozi akisogea kidogo kwenye benchi. Mama hakuwa mtu wa kuzungumza mbele ya wageni, na hakuwa mtu wa kumkatiza mumewe.

"Huyo si mgeni," akasema. "Huyo nimezaa mimi."

"Sawa, mama," karani akasema kwa upole, maana alikuwa ameshazoea kaya za namna hii. "Ninalo swali lako pia. Umezaa watoto wangapi? Walio hai na waliofariki."

Nilijua hatajibu. Kila aliyewahi kumuuliza mama swali hilo, kliniki, kanisani, sokoni, alijibiwa neno moja: "Wapo." Fundi naye alijua. Akafungua mdomo amjibie.

Mama akamtangulia. Alitaja jina la mtoto ambaye sikuwahi kumjua, kaka yangu wa kwanza. Akasema, "Huyo yuko udongoni." Akataja la pili, dada yangu, akasema naye yuko udongoni. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa changu, mkono uliojaa unga, na akanitaja. Jina langu lote, kama alivyolisema kwenye kisima cha ubatizo, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto aliye mbali. Kisha akawataja wale wanne, mmoja mmoja, mpaka yule asiyeweza Habakuki.

Sikulia. Nilikuwa na hasira mno kwamba alichelewa hivyo, na pia nilikuwa na furaha, na vitu hivyo viwili havikupishana, vilikaa pamoja kifuani. Niliendelea kuchambua maharage, nikitupa mazima na kuacha mawe.

"Kwa hiyo jumla ni wangapi, mama?" karani akauliza.

"Hesabu wewe," mama akasema. "Mimi nimekupa majina."

Balozi alikohoa. Karani aliandika, midomo ikichezacheza, kisha akasita kwenye la tatu. "Hili jina sijawahi kuliandika. Herufi zake zikoje?"

Mama alikuwa amejifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima mwaka uliotangulia, lakini kwa shida, na jina lile halikuwemo katika vitabu vyao. Nilifungua mdomo nimwambie karani. Mama akanibana kichwa na ule mkono, nikanyamaza.

"Muulize mzee," akasema. "Yeye ndiye anajuaga vitabu vyote."

Kuku alipita kati yetu. Fundi alimwangalia balozi, na balozi alikuwa anamwangalia yeye. Balozi alikuwa mtu wa serikali, na karani mtu wa serikali, na karatasi ile ilikuwa ya serikali. Alivuta mikono ya koti. Akaanza na herufi ya kwanza. Aliitamka, akatamka ya pili. Hakukosea. Alikuwa analijua muda wote, mpaka ile "h" ya ndani ambayo wengi wanaisahau. Karani akamsomea jina zima na kumuuliza kama ndivyo.

"Ndivyo," fundi akasema.

"Basi litamke mwenyewe nisikie, mzee, nisije nikakosea."

Akalitamka. Mama alirudi jikoni, maana ugali ulikuwa unaungua. Sikumshukuru yule mtu siku ile, na amekufa sijamshukuru.